Hakuna Aliyepewa Yote

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 20:12, Zaburi 94:8–10, Hesabu 22:21–34, Yohana 9:39–41, 1 Samweli 3:1–10, Mwanzo 27:1–27, Mambo ya Walawi 19:14, 1 Wakorintho 12:14–26.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 12:17. Kila mwanadarasa alifungue katika Biblia yake, alisome kwa sauti, na kulikariri juma zima.

Mvua zikiwa nzuri, mashamba ya alizeti katika mkoa wa Singida huifunika nchi kwa rangi ya manjano, kuanzia Ikungi hadi Iramba na Mkalama. Mkulima husimama ukingoni mwa shamba akikadiria magunia atakayovuna. Nyuki hupita juu ya kichwa chake. Kuku hudonoa wadudu chini ya majani, na ng'ombe huchungulia kutoka upande wa pili wa uzio. Wote wanne wako mahali pamoja, saa ile ile, chini ya jua lile lile. Lakini hakuna hata wawili kati yao wanaoliona shamba hilo kwa namna moja.

Juma hili tunajifunza jinsi Mwumbaji alivyogawa milango ya fahamu kati ya viumbe vyake: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hakumpa kiumbe yeyote yote kwa ukamilifu. Mwanadamu naye, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, alipewa sehemu tu. Swali la juma hili ni hili: mtu anayejua kwamba amepewa sehemu tu, aishi vipi na wengine, hasa na wale ambao sehemu yao imepungua kwa ugonjwa au kwa uzee?

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Shamba Moja, Macho Mbalimbali

Soma Mithali 20:12 na Zaburi 94:8–10. Mwandishi wa Zaburi anatoa hoja gani kuhusu Mungu kutokana na sikio na jicho?

Nuru inapoingia jichoni hupita katika mboni, hukusanywa na lenzi, kisha huangukia utando ulio nyuma ya jicho uitwao retina. Katika utando huo zimo seli za aina mbili kuu. Zipo zinazofanya kazi katika mwanga hafifu, kama vile usiku wa mbalamwezi, na zipo zinazotambua rangi wakati wa mchana. Seli hizo hugeuza nuru kuwa ishara, na mishipa ya fahamu huzipeleka ishara hizo kwenye ubongo. Kwa hiyo jicho hupokea, lakini anayeona hasa ni ubongo.

Watu wengi wana seli za rangi za aina 3. Ng'ombe ana aina 2 tu, ndiyo maana ni vigumu kwake kutofautisha nyekundu na kijani. Kuku wa kienyeji, ambaye Singida inasifika kwa kumfuga, ana aina 4, na kwa hilo amemzidi mwenye nyumba yake. Nyuki naye ana aina 3, lakini zake zimesogea upande mwingine. Nyekundu kwake si rangi, ila huona mwanga wa urujuanimno, ulio ng'ambo ya urujuani, ambao jicho la mwanadamu haliupati kabisa. Karl von Frisch, mtafiti aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwa majaribio yake kwamba nyuki hutambua rangi.

Basi mkulima akilitazama ua la alizeti huona petali za manjano tupu. Nyuki huona jambo jingine. Ncha za petali hurudisha mwanga wa urujuanimno, na sehemu za ndani huufyonza, hivyo katikati ya ua huonekana kama shabaha inayomwelekeza kwenye chakula. Alama hiyo imekuwapo katika kila shamba la alizeti, na mkulima amepita kando yake maisha yake yote bila kuiona.

Ndivyo ilivyo kwa sauti pia. Sauti ni mtetemo. Sikio zuri la kijana hupata mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Baadhi ya popo hutumia sauti zinazopita 100,000 na kusikiliza mwangwi wake ili kumkamata mdudu gizani. Tembo, wanaopatikana katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi kusini mwa mkoa, hutoa miungurumo iliyo chini ya 20 kwa sekunde. Miungurumo hiyo husafiri kilomita kadhaa, na tembo mwenzake huisikia. Mtu aliyesimama karibu anaweza kudhani kwamba pori limenyamaza.

Mwandishi wa Zaburi anatuambia kwamba Yeye aliyelitengeneza sikio hawezi kuwa asiyesikia. Milango ya fahamu ya viumbe vyote, ikiwekwa pamoja, ni sehemu ndogo tu ya yale anayoyajua Mungu. Kwa hiyo kusema "sijaona, basi hakipo" ni kulifanya jicho letu kuwa kipimo cha uumbaji wote.

Ni mambo gani unayoyaamini ingawa milango yako ya fahamu haiwezi kuyafikia? Kwa nini unayaamini?

JUMATATU

Punda Aliyetangulia Kuona

Soma Hesabu 22:21–34. Balaamu alimpiga punda wake mara ngapi, na kila mara punda alikuwa anafanya nini?

Katika vijiji vingi vya Singida punda hubeba maji, kuni na mazao. Ni mnyama anayefanya kazi sana na kupigwa sana. Mwumbaji alimweka macho pande mbili za kichwa, hivyo huona karibu mzunguko wote bila kugeuka. Masikio yake marefu hugeuzwa moja moja kuelekea sauti inakotoka. Punda anaposimama ghafla njiani na kukataa kuendelea, mara nyingi ameona au amesikia kitu ambacho mwenye mkokoteni bado hajakipata.

Hata hivyo tusidhani kwamba punda wa Balaamu alimwona malaika kwa sababu ya macho yake mapana. Huo ulikuwa muujiza, na Biblia inasema wazi kwamba Bwana ndiye aliyefanya kazi. Uzito wa kisa uko mahali pengine. Balaamu alikuwa mtu aliyesifika kwa kuona mambo yaliyofichika. Mfalme alimtumia wajumbe wenye ujira. Lakini barabarani yeye hakuona kitu, na mnyama wake akaona. Punda alimwokoa mara tatu, na mara tatu alilipwa fimbo.

Kosa la Balaamu halikuwa kutoona. Alikosea kumwadhibu aliyeona. Alihukumu tendo la punda kabla ya kuuliza sababu yake.

Kosa hilo hutokea hata sasa, tena nyumbani na shuleni. Mtoto anayeketi nyuma ya darasa akanakili vibaya yaliyo ubaoni huitwa mvivu. Yule asiyeitika akiitwa huitwa mkaidi. Mwingine hujikwaa kila jioni jua likizama, akaambiwa ni mzembe. Huenda wa kwanza haoni mbali, wa pili ana sikio linalotoa usaha, na wa tatu ana upungufu wa vitamini A, ambao huanza kwa kudhoofisha uwezo wa kuona katika mwanga hafifu. Hawa hawahitaji fimbo, wanahitaji kupelekwa kituo cha afya. Lakini mtoto aliyezaliwa na macho mabovu hajui kwamba wengine huona vizuri zaidi. Hawezi kujieleza kwa sababu hajawahi kuona tofauti. Ni wajibu wa mzazi na mwalimu kuuliza kabla ya kuhukumu.

Je, yuko mtu nyumbani kwako ambaye umemkemea mara kwa mara kwa jambo lile lile? Umewahi kuchunguza kama anaona na kusikia vizuri?

JUMANNE

Doa Lisiloona

Soma Yohana 9:39–41. Kwa mujibu wa Yesu, ni hali gani iliyo mbaya kuliko upofu wa macho?

Kila jicho la mwanadamu, hata lililo zima kabisa, lina sehemu isiyoona. Mahali ambapo mshipa mkuu wa fahamu unatoka nyuma ya jicho kuelekea ubongoni hapana seli za kupokea nuru. Kitu ambacho taswira yake inaangukia hapo hakionekani.

Darasa linaweza kulithibitisha jambo hili kwa karatasi na kalamu. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi. Upande wa kulia, umbali wa sentimita 8, chora doa jeusi. Funika jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama msalaba peke yake, wala usiliangalie doa. Anza ukiwa umenyosha mkono, kisha sogeza karatasi polepole kuelekea usoni. Ikifika umbali wa futi moja hivi, doa litatoweka. Ukizidi kuisogeza, litarudi.

Jambo la kuzingatia ni kile kinachoonekana mahali pa doa. Hapaonekani shimo wala giza. Panaonekana karatasi nyeupe. Ubongo huziba pengo kwa kukisia kutokana na yaliyo kandokando, na mwenye jicho hapati taarifa yoyote kwamba amekisia. Hivyo mtu huishi miaka sabini akiwa na doa lisiloona katika kila jicho, na asilijue mpaka aonyeshwe.

Mafarisayo walikuwa katika hali hiyo kiroho. Mtu aliyezaliwa kipofu alijua kwamba haoni, akakubali kwenda kwenye birika la Siloamu, akarudi anaona. Wao walikuwa na hakika kwamba wanaona, hivyo hawakutafuta msaada. Yesu aliwaambia kwamba dhambi yao inakaa kwa sababu ya hakika hiyo.

Ondoa sasa mkono kwenye jicho la kushoto, na doa halitatoweka tena. Doa lisiloona la jicho moja haliko upande mmoja na la jicho la pili, kwa hiyo jicho hili huona pale ambapo lile halioni. Mungu alipotupa macho mawili alitupa pia mfano wa jinsi ya kuishi na ndugu. Mume huona pale ambapo mke haoni, na mke vivyo hivyo. Baraza la kanisa huona asichoona mzee mmoja. Anayesema kwamba hahitaji jicho la pili hajaliondoa doa lake. Amekosa tu mtu wa kumwonyesha.

Ni nani aliyewahi kukuonyesha jambo kuhusu maisha yako ambalo wewe hukuliona? Ulimpokeaje?

JUMATANO

Mluzi wa Mrina Asali

Soma 1 Samweli 3:1–10. Eli alikosa nini, na Samweli alikosa nini? Ni nini kilichowawezesha wote wawili kuitambua sauti ya Bwana?

Kandokando ya Ziwa Eyasi, na katika sehemu za wilaya ya Mkalama, wanaishi Wahadzabe, watu wanaotegemea kuwinda, matunda ya porini na asali. Katika kutafuta asali wana mwenzao asiye wa kawaida: ndege mdogo kuliko njiwa, mwenye rangi ya kahawia na kijivu, anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa porini. Ndege huyu anakijua kiota cha nyuki kilipo juu ya mti. Anapenda kula nta na funza wa nyuki. Lakini hawezi kupasua mti, na nyuki wanaweza kumchoma mpaka afe. Mrina asali ana shoka la kupasulia na moshi wa kuwatuliza nyuki, lakini anaweza kupita chini ya mbuyu wenye asali bila kujua.

Basi mrina hupiga mluzi. Ndege husikia, huja karibu, hulia kwa sauti ya pekee, kisha huruka mti kwa mti huku mrina akimfuata, mpaka wafike. Mtu huchukua asali, ndege hupata nta. Hakuna aliyemfuga mwenzake, na kila mmoja yuko huru kwenda zake.

Mwezi Desemba 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha matokeo ya majaribio kuhusu jambo hili. Walilinganisha mluzi wa Wahadzabe na wito wa warina asali Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, ambao huita kwa mvumo wa "brrr" unaomalizika kwa mguno. Katika nchi ya Wahadzabe, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulikuwa zaidi ya mara 3 kwa mluzi wa kwao kuliko kwa wito wa Wayao. Msumbiji ikawa kinyume chake: ndege waliufuata zaidi wito wa Wayao. Ndege ni wa jamii moja, lakini kila mahali wamejifunza sauti ya watu wa pale. Masikio walizaliwa nayo, ila maana ya sauti walijifunza.

Ndivyo ilivyokuwa Shilo. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia. Samweli alikuwa kijana mwenye masikio mazuri, akasikia akiitwa, naye akakimbia mara tatu kwa mtu asiyemwita. Aliisikia sauti vizuri, lakini hakujua ni ya nani. Eli hakuisikia sauti hiyo hata mara moja, lakini alijua ni nani aitaye hivyo. Kijana alileta sikio, mzee akaleta utambuzi. Kama Samweli angedharau macho yaliyofifia ya mzee, angeendelea kukimbia gizani. Na kama Eli angemfukuza mtoto anayemwamsha usiku, asingalijua kwamba Bwana ananena.

Katika kanisa lenu, vijana na wazee hukutana wapi ili kila mmoja atoe kile alichopewa? Ni nini kinachowazuia?

ALHAMISI

Kwazo Mbele ya Asiyeona

Soma Mwanzo 27:1–27 na Mambo ya Walawi 19:14. Isaka alitumia milango gani ya fahamu kumtambua mwanawe? Ni upi uliomwambia kweli?

Macho ya Isaka yalipofifia, alijaribu kutumia milango mingine. Mikono yake iligusa ngozi ya mbuzi ikasema huyu ni Esau. Pua yake ilinusa mavazi ikakubali. Chakula alikionja, nacho kilikuwa kimetayarishwa kama apendavyo. Sikio peke yake lilimwambia kweli, naye akalisema hilo wazi, lakini akafuata ushahidi wa mingine. Jambo la kusikitisha ni kwamba waliomdanganya waliijua vema dosari yake. Walikuwa mke wake na mwanawe.

Sheria katika Mambo ya Walawi inakataza jambo hilo hasa: kumlaani asiyeweza kusikia laana, na kumtegea kwazo asiyeweza kuliona. Asiyeona hawezi kumshitaki aliyeweka jiwe, kwa maana hakumwona. Ndiyo maana amri hiyo inamalizika kwa kumtaja Mungu, ambaye kumcha ndiko kunakomlinda mnyonge pasipo shahidi.

Leo kwazo hilo laweza kuwa karatasi. Mzee mwenye mtoto wa jicho huletewa maandishi na kuambiwa aweke dole gumba, kisha hugundua baadaye kwamba ameuza shamba. Laweza kuwa noti ya elfu mbili anayopewa mama akaambiwa ni elfu kumi. Katika ibada, laweza kuwa saa mbili za hubiri kwa mshiriki asiyesikia, huku kipaza sauti kimeuficha mdomo wa mhubiri na hakuna aliyejifunza lugha ya alama hata kidogo.

Tena liko kwazo la kuacha kutenda. Katika nyanda kavu za kati za Tanzania, ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewapofusha wengi kwa vizazi. Huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye macho machafu. Katika wilaya ya Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma, uchunguzi ulionyesha kwamba watoto waliodumu na uso safi walipata vikope vikali kwa kiwango kidogo zaidi. Maji kidogo kila asubuhi hulinda macho ya miaka mingi. Mtoto wa jicho naye huweza kuondolewa kwa upasuaji, na mtu akaona tena. Kuombea macho ya mzee ni vema. Kumwombea na kumwacha bila kumpeleka hospitali, au kumtilia jichoni dawa isiyojulikana inayoweza kuharibu konea, si imani.

Taja kwazo moja lililoko kanisani kwenu mbele ya mtu asiyeona au asiyesikia. Nani ataliondoa, na lini?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Ayubu 38 na 39. Hesabu ni mara ngapi Mungu anamwuliza Ayubu kuhusu mambo ambayo wanyama wanayafahamu na mwanadamu hayafahamu. Kisha soma 1 Wakorintho 12:14–26.

Paulo anasema kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Mfano mmoja unapatikana Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Macho ya panya huyu ni hafifu, na hakuna anayemtamani nyumbani. Lakini pua yake hutambua harufu ya kilipuzi kupitia udongo, na mwili wake ni mwepesi kiasi cha kutolilipua bomu. Ujira wake ni kipande cha ndizi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013 akafanya kazi Kambodia, ambako aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Wako watoto wanaotembea salama leo kwa sababu ya kiumbe anayedharauliwa. Ikiwa Mungu aliweka msaada wa namna hiyo katika pua ya panya, ameweka nini katika mshiriki anayeketi kiti cha nyuma?

Nabii Isaya (35:5) anaitazamia siku ambayo macho ya wasioona na masikio ya wasiosikia yatafunguliwa. Ahadi hiyo si ya walemavu peke yao. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 13:12 kwamba sasa sisi sote tunaona kwa sehemu. Yesu atakapokuja, kila jicho litafunguliwa kwa yale ambalo halijapata kuyaona. Mpaka siku hiyo, tunashikana mikono: anayeona amwongoze asiyeona, na anayesikia amweleze asiyesikia. Naye anayeongozwa aheshimiwe kwa kile alichopewa.

Maswali ya Kujadili:

1. Fanyeni darasani jaribio la somo la Jumanne. Kisha jadilini: kuna tofauti gani kati ya kutokujua na kutokujua kwamba hujui?

2. Kwa nini Mungu hakumpa mwanadamu jicho la tai, sikio la tembo na pua ya mbwa? Ni hatari gani zingekuwapo kama kila mtu angekuwa na yote?

3. Balaamu alimpiga aliyemwonya. Kanisa humtendeaje mshiriki anayeleta onyo lisilopendeza? Tutajuaje kama onyo hilo ni la kweli?

4. Orodhesheni washiriki wa kanisa lenu waliopungukiwa na kuona au kusikia. Ni yupi anayeweza kusaidiwa na hospitali? Pangeni nani atamsindikiza na nauli itatoka wapi, kisha mletee darasa taarifa baada ya majuma mawili.